Kipini Kifupi cha Sonara

Hapakuwa na kitu kilichomtia sonara kinyaa kama mdomo wa mtu. Si mdomo uliofumbwa, huo aliuvumilia. Ni ule uliofunguka, wenye mate, ulimi, ufizi na mabaki ya chakula yaliyojificha kwenye pembe za meno. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na mbili, mpole, mwenye haya, asiyeweza kuzungumza na mteja bila kuitazama meza. Lakini mteja akipiga miayo mbele yake, haya zote zilimtoka. Aligeuza uso upande kama aliyezabwa kofi.

Kinyaa hicho alikirithi kazini. Alipomaliza darasa la saba, baba yake alimpeleka kwa mjomba wake aliyekuwa sonara, akajifunze kazi. Siku hizo moto wa kuyeyushia dhahabu ulipulizwa kwa mdomo, kupitia bomba jembamba la shaba. Mjomba alipuliza mpaka mashavu yakatuna kama ya chura, na alipochoka alilichomoa bomba mdomoni likidondosha ute wa tumbaku, akamnyooshea mpwa wake.

"Haya, pokea. Usiuache moto ulale."

Siku ya kwanza kijana alijaribu kulifuta bomba kwa pindo la shati. Mjomba akamkazia macho.

"Unanifuta mimi? Mimi na mama yako tumenyonya titi moja. Tia mdomoni!"

Akatia. Ladha ile ya shaba na tumbaku na meno mabovu ya mtu mwingine haikumtoka tena. Miaka mitatu alipuliza hivyo, na kila jioni alisugua ulimi wake kwa majivu mpaka ukachubuka.

Sasa alikuwa na chumba chake mwenyewe, hatua nne kwa hatua tatu, katika safu ya maduka madogo yenye veranda moja. Moto ulitoka kwenye mtungi wa gesi. Mezani palikuwa na tupa, vibano, koleo, taa yenye shingo ndefu, kioo cha kukuza cha kuvaa jichoni, na chupa ya spiriti iliyotobolewa kifuniko. Hakupokea hereni kwa mkono. Aliipokea kwa kibano, akaitumbukiza kwenye spiriti, akaiacha humo huku akimwuliza mwenyewe shida ni nini.

Alijua jambo ambalo watu wengi hawalijui, au wanalijua wanajifanya hawalijui. Kipini kikivaliwa miezi bila kusafishwa, nyuma yake hukaa utando mzito wa rangi ya siagi, wenye harufu ya maziwa yaliyosahauliwa chini ya kitanda. Wanawake waliopendeza kama waridi walimwekea uchafu huo mbele yake huku wakitabasamu. "Nisafishie tu, fundi, imepoteza mng'aro." Mng'aro! Yeye aliukwangua kwa sindano, amebana pumzi, akijiambia kwamba urembo wote wa dunia una upande wa nyuma, na upande huo hufikia kwake. Majirani wa pale verandani walimwita Spiriti. Hakuchukia. Aliona ni jina safi.

Basi mtu huyo ndiye ambaye binti yake alimwambia, Jumatano moja mezani, "Baba, nataka kutoboa mdomo."

Binti huyo alikuwa kitinda mimba wake, ana miaka ishirini na mitatu, anafanya kazi katika duka la kupiga picha za vitambulisho. Kutwa nzima aliwaambia watu wainue kidevu na wafumbe mdomo. Sonara aliweka kijiko chini.

"Mdomo Mungu ameshautoboa. Chakula kinaingia, maneno yanatoka. Unataka nini tena?"

"Hapa, baba. Chini ya mdomo, katikati. Kitundu kimoja tu."

"Cha kutolea nini? Mvuke?"

Mama mtu, aliyekuwa akipakua wali, akacheka mpaka upawa ukagonga sufuria. "Baba watoto, mwache. Mimi nilitoboa pua hukuniuliza."

"Pua ni jambo jingine. Pua haitafuni."

"Ningekwenda kimyakimya," binti akasema. "Kinyozi wa hapo chini anatoboa pia. Lakini nimeona heri nikuambie."

Kinyozi yule, sonara alikuwa akimwona kila siku. Alikuwa na sindano moja. Moja! Akimaliza kumtoboa mtu sikio aliifuta kwenye suruali, pajani, mahali ambapo alikuwa ameshafutia povu la ndevu, nywele za kwapa za watu na makamasi yake mwenyewe, kisha akaichomeka kwenye sponji akimngoja mwingine.

"Kwa kinyozi huendi," akasema. "Labda nife. Na hata nikifa nitasimama mlangoni pake."

Ndivyo alivyojikuta Jumamosi amekaa kwenye benchi la mama mtoboaji, mtaa wa tatu kutoka dukani kwake, akitafuta uchafu na asiuone. Chumba kilinuka sabuni. Kitanda kilitandikwa karatasi inayobadilishwa kwa kila mtu. Mtoboaji, mwanamke mnene mwenye sauti ya polepole, alinawa mikono mpaka viwikoni, akavaa glovu, na kila sindano aliitoa kwenye pakiti yake iliyofungwa. Sonara alichunguza mpaka chini ya kitanda. Hakuona hata unywele. Jambo hilo nalo lilimuudhi, maana alikuwa amejiandaa kuondoka.

Mtoboaji akafunua kisanduku cha vipini. Binti alikimbilia pete ndogo ya duara.

"Hiyo si ya kuanzia, mwanangu," mtoboaji akasema. "Pete inazunguka kwenye kidonda, inaingiza uchafu na kutoa uchafu. Anza na kijiti hiki kilichonyooka. Ndani ya mdomo kina kisahani bapa, nje kina kitufe cha skrubu. Madini yake ni titani, hayaudhi nyama."

Sonara alikitazama kwa jicho la kazi. Kimetengenezwa vizuri, hakina makovu ya tupa. Ila kilikuwa kirefu mno.

"Mbona hivi? Hiki kitaning'inia kama ufunguo."

"Milimita kumi, mzee wangu. Mdomo utavimba, nao unataka nafasi. Wiki ya sita aje nimvalishe kifupi. Si kabla."

Kisha akatoa karatasi ya maelekezo. Asukutue kwa maji ya chumvi kila baada ya kula. Asikizungushe. Asitie spiriti. Asikibadilishe kabla ya wakati. Alimpa baba mtu, kwa kuwa binti tayari alikuwa amelala kitandani, naye sonara aliona juu ya karatasi hiyo pamechorwa mdomo ulioachama, na ulimi wake. Akaikunja mara nne bila kuisoma, akaitia mfukoni. Sindano ilipopita alikuwa anahesabu vigae vya sakafu.

Shida ilianza mezani jioni ileile. Kijiti kile kilicheza. Binti akizungumza, kitufe kiliingia na kutoka kama kichwa cha kobe. Akitafuna, kisahani kiligonga meno kwa ndani, tik, tik, tik. Akinywa, tone la mate lilipita kwenye kitundu likajikusanya kwa nje, likang'aa chini ya taa, likangoja, kisha likateremka kidevuni. Siku ya pili punje ya wali ilinasa kwenye kijiti ikakaa hapo chakula kizima, ikipanda na kushuka. Sonara aliitazama punje ile. Hakutaka kuitazama lakini macho yalimkatalia. Akasukuma sahani.

"Umeshiba?" mkewe akauliza.

"Nimekoma."

Siku mbili alikula dukani, mkate mkavu, peke yake, akiwa ameipa barabara mgongo. Alipopita sebuleni alizungumza na binti yake akiangalia dari. Binti aliliona hilo. Alizoea kuchekwa na baba yake, lakini kutotazamwa hakukuzoea. Alianza kula jikoni, amesimama.

Siku ya tano sonara akapata wazo, akaliona zuri. Katika kazi yake, kitu kinachocheza ni aibu. Pete inayozunguka kidoleni, hereni inayobembea kwenye tundu, hivyo ni vitu vya fundi wa kubahatisha. Mjomba wake, pamoja na uchafu wake wote, alimfundisha hivi: pima mwili, kisha kata sawasawa na mwili, usizidishe hata unene wa ukucha. Miaka yote hiyo sonara alifanya hivyo, na watu walimsifu kwa hilo. Yule mama na milimita zake kumi alikuwa anauza vitu vya kiwandani, saizi moja kwa midomo yote. Ngoja sasa fundi aonyeshe kazi.

Asubuhi hiyohiyo alimwita binti yake akampa kipimo cha chuma chenye meno mawili kama ya kaa, amekifuta kwa spiriti mara mbili.

"Bana mdomo wako, mbele na nyuma. Niambie namba."

"Mama mtoboaji alisema wiki ya sita, baba."

"Umevimba?"

"Asubuhi hii hapana. Jana kidogo."

"Basi. Soma namba."

Yeye mwenyewe alikuwa anaangalia kalenda ukutani. Binti alisoma: sita na nusu. Sonara alikata kijiti cha milimita sita na nusu. Alitumia dhahabu safi kuliko zote alizokuwa nazo, akaipitisha kwenye tupa laini, akakisugua kisahani mpaka kikawa kama tone la mafuta. Kitufe cha nje alikifanya kidogo kama punje ya mtama. Na skrubu aliichonga kinyume, ikaze kwa kwenda kushoto, ilegee kwa kwenda kulia. Hiyo nayo ilikuwa desturi ya mjomba wake. Mteja akishindwa kufungua kitu chake nyumbani hurudi kwa fundi wake, haendi kwa mwingine.

Binti alipokiona aliziba uso kwa viganja. Hakuwa ametegemea. Alisimama mbele ya kioo cha sebuleni akabadilisha mwenyewe, huku baba akimnyooshea kipini kwa kibano, akimwambia akaze kwenda kushoto, na kuutazama ukuta. Kile kirefu sonara alikipokea kwa kibano hichohicho, kinateleza, akakitumbukiza kwenye mkebe. Angependa kukitupa chooni. Lakini sonara hatupi chuma.

"Kimekaa?"

"Kimekaa, baba! Utadhani kilizaliwa hapo. Nitazame basi."

Akamtazama, kwa mara ya kwanza baada ya siku hizo. Punje ya dhahabu ilitulia chini ya mdomo, haichezi, haidondoshi chochote. Alipendeza. Mchana ule sonara alikula nyumbani, sahani mbili.

Siku ya sita binti alizungumza kidogo. Siku ya saba alisema jino linamsumbua, akanywa uji kwa mrija. Siku ya nane alitoka chumbani amejifunika leso puani na mdomoni, akasema ni mafua. Sonara hakuuliza. Kusema kweli alifurahia. Nyumba ilikuwa kimya, hapatafunwi, hapagongwi tik tik. Hakujua kwamba kwenye chupa yake ya spiriti kuna mtu amechota. Binti yule alikuwa amekulia katika nyumba ambamo kila kitu kilitakaswa kwa spiriti, kuanzia mikasi hadi vitasa vya mlango. Mdomo ulipoanza kuwaka moto alitia spiriti. Ulipozidi kuwaka, alizidisha. Na kumwambia baba hakuthubutu. Baba amemtengenezea kwa mkono wake. Atamwambiaje kwamba kinaumiza?

Jumapili, siku ya tisa, walikaa mezani wote watatu. Binti aliinamia bakuli la mchuzi, leso imefunika nusu ya uso. Sonara alipeleka kijiko mdomoni kikaishia njiani. Kulikuwa na harufu. Ilipita juu ya kitunguu na bizari, ikamjia moja kwa moja kama mtu anayemjua. Maziwa yaliyosahauliwa chini ya kitanda. Ila hii ilikuwa na kitu kingine ndani yake, kitamu-kitamu, kama nyama iliyoachwa juani.

"Toa leso," akasema.

Binti akatikisa kichwa.

"Toa, mwanangu."

Mama mtu ndiye aliyeinyanyua. Mdomo wa chini ulikuwa umetuna mpaka ukapinduka, ngozi imevutika inang'aa, rangi ya zambarau. Kitufe cha dhahabu kilizama katikati kama kifungo cha godoro, na kukizunguka palikuwa na gaga la manjano lililopasuka.

"Mungu wangu!" mama akashika kichwa. "Tangu lini?"

"Hangu huhi ya ha..." Alitaka kusema tangu siku ya saba, lakini ulimi na midomo havikumtii. Machozi yakamtoka.

"Ndani kukoje? Baba watoto, angalia wewe, mimi bila miwani sioni kitu."

Sonara alisimama. Alivaa kioo cha kukuza alichokuwa nacho mfukoni, akachukua tochi ya simu. Binti mwenyewe aliupindua mdomo kwa vidole. Sonara akatazama, akakitafuta kisahani chake. Hakukiona. Palikuwa na nyama tu, nyekundu, iliyovimba na kujifunga, na katikati pana tundu dogo jeupe linalovuja. Lile tundu lilikuwa linapumua. Alitazama mpaka usaha ulipojaa ukateremka kwenye ufizi, ndipo akakimbia uani.

Alirudi na koleo.

"Nakata kitufe, nakivuta. Mara moja tu."

"Weka hicho kitu chini!" Mkewe alikuwa tayari na simu sikioni. "Nazungumza na mama mtoboaji. Anauliza umefanya nini. Mwambie mwenyewe."

Akamwekea sikioni. Sonara alisema, kwa sauti iliyosikika kwa taabu, kwamba alipima milimita sita na nusu akakata sita na nusu.

Sauti ya polepole ya mama mtoboaji ikajibu.

"Mzee wangu, wewe ni fundi. Hata viatu mtu hanunui vya kumbana, sembuse kidonda? Uvimbe wa asubuhi si uvimbe wa jioni. Mdomo umevimba, umekosa nafasi, umekimeza kisahani. Sasa sikiliza. Usikitoe ukaacha tundu tupu; litaziba juu, usaha ubaki ndani. Mpelekeni zahanati, na mwende na kile kijiti changu kirefu. Mimi niko safarini, ningekuja nikakusomea ile karatasi mwenyewe."

Zahanati ya Jumapili ilikuwa na muuguzi mmoja, kijana mrefu mwenye mikono mikubwa. Alimtazama binti, akampa sindano ya ganzi, akakichemsha kile kijiti kirefu kilichotoka kwenye mkebe. Hakuficha kitu.

"Tukikitoa hapa ni heri. Kisipotoka, ni hospitali kubwa, wampasue mdomo wakitafute. Na mdomo ukishapasuliwa haurudi ulivyokuwa."

Binti alikishika kiti. Muuguzi aliubana mdomo kwa vidole vyake vikubwa, akakishika kitufe kwa koleo dogo, akazungusha kama watu wote wanavyozungusha. Binti akapiga kelele, ganzi au si ganzi.

"Kinyume!" sonara akasema kutoka mlangoni, alikokuwa amesimama akitazama nje. "Unakaza. Kilegeze kwa kwenda kulia."

"Kulia? Nani anatengeneza skrubu ya kulegea kulia?"

Sonara akaitazama sakafu. "Mimi."

"Basi njoo. Mimi mikono yangu miwili nausukuma mdomo ili kisahani kitokeze ndani. Kisahani chenyewe kinateleza, kinazunguka pamoja na kitufe. Mtu akishike kwa ndani, azungushe kwa nje. Hapa tuko wangapi?"

Walikuwa watatu na mama, aliyekwisha kukaa chini sakafuni na kufunika macho. Sonara alinawa mikono, akavaa glovu, akachukua kibano mezani, akaja. Binti alimtazama. Macho yale yalikuwa yanamwuliza kitu, na jibu lake lilikuwa ni kuingiza kidole.

Akaingiza. Hata kupitia glovu aliusikia ule uvuguvugu, ulimi uliojikunja ukikimbia, mate yakijaa kuzunguka kidole chake kama kinywa kinamwonja. Pumzi ya usaha ilimpiga usoni. Ladha ya shaba na tumbaku ikapanda kooni kana kwamba mjomba amefufuka na kumnyooshea bomba. Akabana meno.

"Sukuma," akasema.

Muuguzi akasukuma. Nyama ya ndani ilipasuka kidogo, na kabla dhahabu haijaonekana ulitoka usaha, mwingi, mzito, wenye nyuzi za damu, ukammiminikia kwenye kidole gumba, ukapita juu ya glovu hadi kwenye kifundo cha mkono, ukiwa moto. Hakuachia. Ukingo wa kisahani ukatokeza. Akaubana kwa kibano, ukateleza, akaubana tena. Kwa mkono wa pili akashika kitufe, akazungusha kulia. Robo. Nusu. Kitufe kikamwangukia kiganjani, kijiti kikatoka kwa ndani kimevaa utando kama mjusi aliyezaliwa sasa hivi.

"Usitoe kidole! Haraka, kile kirefu kipite hukohuko."

Muuguzi hakulijua tundu lilikopita. Sonara alikuwa na kidole juu yake. Kwa hiyo ni yeye aliyekipitisha kile kijiti alichokichukia, kutoka ndani kwenda nje, polepole, akisikiliza kwa ncha za vidole kama anapitisha uzi wa dhahabu kwenye shanga. Kilitokeza. Akakifunga. Kikaning'inia hapo, kirefu, kinacheza, na kando yake usaha ukaendelea kuteremka kwa raha, maana sasa ulikuwa na nafasi.

Sonara alitoka nje akatapika kwenye mtaro, mara tatu, mpaka kikabaki cha manjano chungu. Muuguzi alimfuata na kikombe cha maji.

"Umejikaza, mzee."

"Nimejikaza nini? Nimejinyea moyoni." Akasukutua, akatema. "Nilimfanyia mimi yale."

Muuguzi hakubishana naye. Alimpa vidonge vya binti na maelekezo. Maji ya chumvi, si spiriti, kamwe. Asubuhi na jioni mtu autazame mdomo kwa ndani kwa mwanga mkali, ahakikishe kisahani kinaonekana chote. Kikianza kuzama tena, au pakibaki uvimbe mgumu hadi siku ya kumi, ni kisu.

"Nyumbani nani ana macho mazuri ya karibu?"

Mama mtu akainua kidole, akamwelekezea mumewe.

Hivyo ndivyo sonara alivyopata kazi ya pili. Kabla ya chai ya asubuhi na kabla ya chakula cha jioni binti alikaa chini ya taa yenye shingo ndefu, iliyohamishwa kutoka dukani, akaupindua mdomo wake. Baba alivaa kioo jichoni akatazama. Kwa kioo kile kila kitu kilikuwa kikubwa mara kumi: matundu ya mate yakichuruzika, ukungu mweupe wa ulimi, kipande cha mchicha kati ya meno mawili. Na kidonda, ambacho kila siku kilikuwa na uchafu mpya. Siku ya kwanza kilitoa usaha wa kijani. Siku ya tatu wa manjano. Siku ya tano maji yenye utelezi kama ya yai bichi, ambayo muuguzi alisema ni dalili njema, na ambayo sonara aliyaona mabaya kuliko usaha.

"Unanuka," alimwambia binti yake bila kuzunguka.

"Nahe hahi," binti akajibu, mdomo bado umepinduliwa.

"Unasema nini?"

Akauachia mdomo. "Nimesema nawe pia. Umekula kitunguu, umeniinamia robo saa. Mimi nimesema kitu?"

Sonara hakuwahi kufikiri kwamba na yeye ana mdomo.

Siku ya sita alimwuliza jambo lililokuwa limemkaa kooni. "Kilipoanza kuuma, kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umeanza kunitazama."

Alisema hivyo tu, akaupindua mdomo tena. Sonara akarudisha jicho kwenye kioo. Alikitazama kidonda kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na kwa kitambo hicho kilichomchefua zaidi hakikuwa ndani ya kinywa kile.

Uvimbe uliendelea kuwa mgumu siku ya saba, na ya nane. Siku ya tisa mkewe alimwona dukani amekaa bila kazi, akiminya mdomo wake mwenyewe kati ya vidole, akijaribu kujua ugumu wa mdomo mzima ukoje. Usiku wake binti alikwisha kufunga kanga mbili kwenye mfuko, za kwendea hospitali kubwa.

Asubuhi ya siku ya kumi walikaa chini ya taa mapema. Sonara hakutumia macho peke yake. Alinawa, akaweka kidole gumba kwa ndani na cha shahada kwa nje, bila glovu maana zilikuwa zimekwisha, akabonyeza polepole kuzunguka kijiti chote. Palikuwa laini. Pembeni pamebaki kifundo kidogo cha kovu, kama punje ya ulezi, nacho hakikuuma. Kisahani kilielea juu ya nyama, kizima, ukingo wote unaonekana. Mate yalimtiririka kiganjani hadi kwenye mkono wa shati.

"Hakuna kisu," akasema.

"Kweli, baba?"

"Kimeelea chote. Jiangalie." Akampa kioo cha mkononi.

Binti alijiangalia kwa pembe zote, kijiti kikicheza na kugonga meno. Mama alikuwa ameshafika mlangoni, anacheka na kulia.

"Nimeona," binti akasema. "Na wewe je, umeona vizuri?"

"Nimeona vya kutosha mpaka naingia kaburini," sonara akasema, akitafuta mahali pa kufutia mkono. "Fumba mdomo sasa, nataka kunywa chai."